Bill Withers na Haki ya Kuacha Kazi

Umeme ulikatika mapema usiku ule, na kwa kuwa simu ilikuwa bado na chaji nikaamua kuitazama filamu ya Soul Power, iliyotengenezwa kutokana na picha zilizopigwa katika tamasha la Zaire 74. Nilikuwa nikimsubiri James Brown, kama nadhani walivyomsubiri wengi waliofurika katika Uwanja wa Mei 20 mjini Kinshasa mwezi Septemba 1974, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kupigana na George Foreman katika mji uleule. Katikati ya vishindo vyote vya matarumbeta na ngoma akatokea mtu mmoja na gitaa lake. Kamera ikamsogelea usoni, naye akaimba taratibu habari za mwanamume aliyeachwa ambaye, pamoja na uchungu wake, anatumaini kwamba aliyemwacha atapata furaha zaidi huko aendako. Hakurukaruka wala hakuwachombeza watu wapige makofi. Aliyavuta maneno tu, moja baada ya jingine, mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nikimsubiri mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Bill Withers, naye alikuwa na umri wa miaka 36. Miaka 11 baadaye alitoa albamu yake ya mwisho, kisha akaondoka katika biashara ya muziki na kuishi miaka 35 mingine bila kutoa nyingine.

Kwa wiki kadhaa jambo hilo lilikataa kunitoka kichwani.

Nyimbo zake nilizijua, kama mnavyozijua ninyi, kwa sababu ni vigumu kuishi katika dunia hii yenye redio bila kukutana na Lean on Me au Ain't No Sunshine. Kilichonisumbua ni kule kuondoka. Tumezoea kuamini kwamba kipaji ni amana, na kwamba aliyepewa hana ruhusa ya kukiweka kando angali hai na mwenye nguvu zake. Nilitaka kujua kama alichokifanya kilikuwa hekima, au hasira, au kushindwa ambako sisi mashabiki tumekupamba kwa maneno mazuri.

Yuko mapumziko

Mjomba wangu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa fundi mitambo, hasikilizi muziki wa Marekani. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu jalada la Just As I Am, albamu ya kwanza ya Withers, iliyotoka mwaka 1971. Katika picha hiyo Withers amesimama nje ya jengo, amevaa mavazi ya kawaida kabisa, na mkononi ameshika kisanduku cha chuma cha kubebea chakula.

"Mjomba, huyu ni mwimbaji mashuhuri," nikamwambia.

Akaisogeza simu karibu na macho, akamtazama kwa makini. "Huyu? Huyu yuko mapumziko, mjomba. Muda si mrefu king'ora kitalia, atarudi ndani."

Alikuwa amesema kweli bila kuambiwa na mtu. Picha ile ilipigwa wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana katika kiwanda cha Weber Aircraft, Burbank, California, ambako Withers alikuwa mfanyakazi wa kawaida anayetengeneza na kufunga vyoo vya ndege za abiria. Hakuna mpiga picha aliyempa kile kisanduku ili aonekane mtu wa watu. Kilikuwa chake, na ndani yake kilikuwa chakula chake.

Njia iliyomfikisha hapo ilikuwa ndefu. Baada ya kutoka jeshini alisambaza maziwa majumbani, kisha akaingia viwandani. Mwenyewe alisimulia jinsi usiku mmoja alivyokwenda katika ukumbi wa muziki huko Oakland kumsikiliza Lou Rawls, akamsikia meneja wa ukumbi akinung'unika kwamba anamlipa mwimbaji yule dola 2,000 kwa wiki na bado anachelewa. Withers alikuwa akilipwa dola 3 kwa saa. Akaenda katika duka la vitu vya rehani, akanunua gitaa la bei ndogo, akaanza kujifundisha kupiga na kutunga baada ya saa za kazi.

Clarence Avant, mwenye kampuni ndogo ya Sussex, ndiye aliyempa nafasi, na kazi ya kutayarisha albamu ikakabidhiwa kwa Booker T. Jones. Walioingia studio pamoja naye walikuwa watu wazito: Al Jackson kwenye dramu, Donald Dunn kwenye besi, Stephen Stills kwenye gitaa. Booker T. amesimulia kwamba Withers alimuuliza ni nani atakayeziimba hizi nyimbo, akajibiwa kwamba ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 32, na hadi siku hiyo alijiona kuwa mfanyakazi wa kiwanda aliyeleta tungo zake ili wenye sauti waziimbe.

Hata albamu ilipokwisha hakukimbilia kuacha kazi. Alipunguzwa kiwandani, na baadaye, kama alivyosimulia, siku moja alipokea barua mbili: moja ikimwita arudi kazini, nyingine ikimwalika kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Wimbo wa Ain't No Sunshine ulipopata mauzo ya santuri ya dhahabu, kampuni yake ya muziki ilimzawadia kifuniko cha choo cha rangi ya dhahabu.

Nilidumu na picha ile ya jalada kwa muda mrefu kwa sababu inaeleza jambo ambalo orodha ya tuzo haiwezi kulieleza. Wasanii wengi huanza wakiwa vijana wadogo, na umaarufu huwakuta kabla hawajawa watu wazima. Withers aliingia akiwa tayari ameshakuwa mtu. Alikuwa amefanya kazi, amepokea mshahara, ametii amri, amegombana na wasimamizi wa zamu, na alikuwa anajua kabisa kwamba mwanadamu anaweza kuishi bila kupigiwa makofi.

Mikono

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 katika kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe kiitwacho Slab Fork, jimbo la West Virginia, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita, akakulia katika mji wa jirani wa Beckley. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 13. Alikuwa na kigugumizi kikali kilichomfuata hadi utu uzima, na kilipungua katika ile miaka tisa aliyolitumikia Jeshi la Wanamaji, hasa baada ya kutambua kwamba kilichokuwa kikimfunga ulimi ni hofu ya jinsi watu watakavyomwona.

Aliyemlea kwa upole kuliko wote alikuwa bibi yake, na huyo ndiye aliyemtungia Grandma's Hands. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi katika siku hizi, na kila mara nashangazwa na jinsi ulivyo mfupi. Ni kama dakika mbili tu. Ndani ya dakika hizo mbili hakuna mahali ambapo mjukuu anasema kwamba bibi alikuwa mwema, au kwamba alimpenda, au kwamba anamkumbuka. Anaitaja mikono na kazi ilizozifanya. Mikono ilipiga makofi kanisani Jumapili asubuhi. Mikono ilipiga tari. Mikono ilimwonya asikimbie ovyo kwa sababu chini kuna vipande vya chupa na majani yanaficha nyoka. Mikono hiyohiyo iliwahi kumfariji msichana wa mtaani aliyepata mimba kabla ya ndoa, ikamwinua uso. Na mikono hiyo, anatuambia kama anayepita tu, ilikuwa ikiuma na kuvimba.

Yeyote aliyewahi kulelewa na bibi anaijua mikono hiyo.

Mpangilio wa wimbo ni wa mtu anayejua kuacha. Gitaa linarudia mtindo uleule mzito, dramu inakanyaga chini, na anapofika kwenye sentensi ya mwisho, ile ya kwamba akifika mbinguni atakachokitafuta ni mikono ya bibi, wimbo unakwisha. Mtunzi mwingine angeongeza kiitikio na kwaya, kisha akapandisha sauti. Mwaka 1996 kundi la Blackstreet lilichukua mguno wake wa mwanzo na kuujengea juu yake wimbo wa No Diggity, na kizazi kizima kikacheza bila kujua kwamba kilikuwa kikimchezea bibi wa Slab Fork.

Ain't No Sunshine nao umejengwa hivyohivyo. Hauna utangulizi wa maana. Sauti inaingia mara moja. Katikati, mahali ambapo alikusudia kuandika ubeti mwingine, Withers alikuwa akijaziajazia kwa kurudia maneno "I know", mara 26. Alipotaka kuyatoa na kuweka maneno kamili, wanamuziki waliokuwa studio wakamwambia ayaache. Akawasikiliza.

Naomba msomaji aushike ukweli huo mdogo, kwamba aliwasikiliza, kwa sababu utatufaa mbele.

Anayeona haya kukopa

Still Bill, albamu ya pili, ilitoka mwaka 1972, naye safari hii alipiga na vijana waliotoka katika bendi ya Watts 103rd Street Rhythm Band: James Gadson kwenye dramu, Melvin Dunlap kwenye besi, Benorce Blackmon kwenye gitaa na Ray Jackson kwenye kinanda. Kwa maoni yangu hakuna albamu ya soul ya miaka ile inayoipita kwa jinsi vyombo vinavyoachiana nafasi. Msikilize Gadson katika Use Me, jinsi anavyolishikilia pigo kwa ubishi huku kinanda kikikwaruza juu yake, mkasikie maana ya bendi inayoaminiana.

Lakini ni Lean on Me uliofika namba moja Marekani mwezi Julai mwaka huo. Withers aliutunga kwenye kinanda kidogo cha umeme ambacho hakuwa amekizoea, kwa kupandisha na kushusha vidole juu ya funguo zinazofuatana, na ndiyo sababu mtoto anayejifunza kinanda anaweza kuucheza siku ya kwanza. Maneno aliyatoa katika maisha ya kule alikokulia, ambako jirani alikuwa jirani kweli, na mtu aliyehamia mji mkubwa kama Los Angeles aliweza kuukosa ujirani huo kama anavyokosa chakula.

Nimeuimba wimbo huu tangu shuleni nikidhani unamhimiza mwenye nacho awe mkarimu. Kumbe sehemu kubwa ya maneno yake inamlenga mwenye shida. Unamwomba ameze kiburi chake kama kuna kitu cha kukopa. Unamweleza kwamba hakuna atakayeweza kumsaidia asipoonyesha mahitaji yake. Na anayeyasema hayo anaongeza kwamba si siku nyingi naye atahitaji mtu wa kumwegemea. Anayezungumza humo si mfadhili. Ni mtu wa mtaa mmoja na huyo mwenye shida, anayejua jinsi inavyofedhehesha kugonga mlango wa jirani jioni kuomba unga, na anajaribu kuiondoa fedheha hiyo kabla mlango haujagongwa.

Katika tamasha lake la Carnegie Hall, New York, lililorekodiwa tarehe 6 Oktoba 1972, kuna wimbo mwingine ambao sikuwahi kuusikia mpaka nilipoanza kulifuatilia jambo hili. Unaitwa I Can't Write Left-Handed. Kwanza anazungumza na hadhira, polepole, kuhusu vita vya Vietnam na kijana aliyekutana naye ambaye alikuwa amepoteza mkono. Kisha anaimba kwa sauti ya kijana wa namna hiyo, aliyepigwa risasi begani, anayemwomba mtu mwingine amwandikie barua kwa mama yake kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi kuandika. Anataka mchungaji aambiwe amwombee. Anataka mdogo wake atafutiwe njia ya kutochukuliwa jeshini. Withers mwenyewe alikuwa amevaa sare kwa miaka tisa, na labda ndiyo maana hatoi hotuba. Anaandika tu ile barua.

Wataalamu

Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Sussex ilikuwa na matatizo ya fedha, na mwaka 1975 ikafungwa. Withers akahamia Columbia, kampuni kubwa yenye majengo marefu na idara nyingi, akatoa albamu moja kila mwaka hadi 1978. Mojawapo, Menagerie ya mwaka 1977, ndiyo yenye Lovely Day, wimbo ambao kuelekea mwisho anaishikilia noti moja kwa sekunde 18 kana kwamba pumzi si kitu cha kuhangaikia.

Lakini ndani ya kampuni alikutana na watu waliojiona wanajua muziki wa mtu mweusi unapaswa kuwaje. Walimtaka aongeze matarumbeta na waimbaji wa kike wa kuitikia, na mmoja wao alipendekeza arekodi upya In the Ghetto, wimbo uliokuwa umevuma kwa sauti ya Elvis Presley. Hadi uzeeni Withers alilisimulia pendekezo hilo kwa mshangao uliokuwa haujapoa. Mtu aliyezaliwa Slab Fork, mwana wa mchimba makaa, alikuwa akipewa wimbo wa umaskini uliopita kwanza kwa Elvis.

Baada ya 1978 alikaa miaka saba bila albamu yake mwenyewe. Katika kipindi hicho mmoja wa nyimbo zake kubwa, Just the Two of Us, ulitoka katika santuri ya mpiga saksafoni Grover Washington, chini ya kampuni nyingine, ukafika namba mbili Marekani mwaka 1981 na kumpatia tuzo ya Grammy. Kampuni iliyomshika kwa mkataba haikuwa ikimrekodi. Alipoazimwa kwa wimbo mmoja, dunia nzima ikamwimba.

Mwaka 1985 ikatoka Watching You Watching Me. Ikapita bila kishindo, naye akafunga hesabu.

Hadithi iliyo tamu kupita kiasi

Hapa ndipo mashaka yangu yalipokuwa makubwa.

Katika mitandao Withers amegeuzwa kuwa mfano wa mtu aliyechagua amani. Wanamweka kwenye picha akitabasamu, wanaandika kwamba aliikataa dunia ya makelele akaenda kulea watoto wake, na wengine tunapakia ujumbe huo tukiwa tumekaa katika ofisi ambazo hatuna uwezo wa kuziacha hata kwa wiki moja. Nami niliipenda hadithi hiyo. Nilipoisogelea, nikaona kwamba imeruka miaka saba. Mtu aliyezuiwa kurekodi kuanzia umri wa miaka 40 hadi 47, katika kipindi ambacho sauti yake ilikuwa imekomaa, hakuchagua amani kwa moyo mweupe. Alisukumwa mpaka mlangoni, na alichokichagua ni kutorudi.

Kuna tofauti kati ya mambo hayo mawili, na kuificha tofauti hiyo ni kuwasamehe waliomsukuma.

Basi kwa siku kadhaa nikaegemea upande wa pili kabisa, nikaiona habari nzima kuwa msiba: ni nyimbo ngapi zilizopotea, ni akina bibi wangapi wasioimbwa, ni barua ngapi ambazo hazikuandikwa. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika makala hii kwa sauti hiyo ya maombolezo.

Kilichonigeuza ni filamu ya maisha yake, Still Bill, ya mwaka 2009. Humo anaonekana mzee akiwa nyumbani Los Angeles, ana studio yake ndogo, anacheza na mashine za kurekodia ambazo hana haraka nazo. Binti yake, Kori, anaimba, na baba anaposikia alichokirekodi machozi yanamtoka. Kuna sehemu nyingine ambapo anakwenda New York kukutana na watoto wenye kigugumizi katika kikundi cha maigizo, anakaa nao, anawaambia habari za ulimi wake mwenyewe, na anashindwa kujizuia anapowasikia wakizungumza. Nilimtazama sana usoni katika sehemu hizo, nikitafuta majuto. Niliona mtu mwenye hisia za karibu mno, mwenye uchungu fulani kuhusu muziki ambao hakuuficha, lakini sikuona mtu aliyefungiwa nje akichungulia dirishani.

Hapo nikakumbuka zile "I know" 26. Withers hakuwa mtu asiyeambilika. Booker T. Jones na wenzake walipomwambia aliache neno mahali pake, aliliacha, kwa sababu waliomwambia walikuwa wameshika vyombo mkononi na jasho lao lilikuwa ndani ya wimbo uleule. Watu aliowakataa ni wale waliokuja na maoni pekee. Huo ndio msimamo wa mfanyakazi wa kiwandani dhidi ya msimamizi asiyewahi kushika spana, naye aliubeba kutoka Burbank hadi Columbia bila kuubadilisha. Kwa hiyo kuondoka kwake hakukuwa kukana nyimbo zake. Aliyetunga Use Me, wimbo wa mtu anayejua kabisa kwamba anatumiwa na anakubali kwa sababu ameona faida yake, alijua pia kupima siku ambayo faida imekwisha.

Nani mwenye wimbo

Hata hivyo msimamo haulipi kodi ya nyumba, na hili ndilo jambo ambalo wanaompamba hawalitaji. Withers aliweza kuacha kwa sababu nyimbo zilikuwa zake. Nyingi alizitunga mwenyewe, na mkewe, Marcia, waliyeoana mwaka 1976, ndiye aliyesimamia kampuni zilizoshika haki za tungo hizo. Mwaka 1987 kundi la Club Nouveau liliimba upya Lean on Me, likaufikisha tena namba moja Marekani, na mwaka uliofuata Withers akapokea tuzo nyingine ya Grammy akiwa mtunzi, miaka mitatu baada ya albamu yake ya mwisho. Will Smith alipoutumia Just the Two of Us, mirabaha iliendelea kuja. Kila harusi, kila tangazo la biashara, kila filamu iliyoomba kutumia Lovely Day iligonga mlango wa nyumba hiyo moja.

Nikiwatazama wenzake wa kizazi chake au wa jirani yake napata uzito wa jambo hili. Sam Cooke alipigwa risasi mwaka 1964 akiwa na miaka 33. Otis Redding alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1967 akiwa na miaka 26. Donny Hathaway alifariki mwaka 1979, naye akiwa na miaka 33. Marvin Gaye aliuawa na baba yake mzazi mwaka 1984, akikaribia kutimiza miaka 45. Masimulizi ya muziki wa soul yamejengwa juu ya makaburi ya mapema, na sisi wasikilizaji tumezoea kuupokea utamu wa sauti hizo pamoja na kifo kilichozifuata, kana kwamba ni malipo ya haki. Withers alizeeka. Mwaka 2015 alisimama Cleveland, mzee wa miaka 76, akipokelewa na Stevie Wonder katika Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll, akiwachekesha watu kwa maneno ambayo utotoni yasingetoka mdomoni. Alifariki Los Angeles tarehe 30 Machi 2020 kwa ugonjwa wa moyo, wakati ambapo watu katika nchi nyingi, wakiwa wamejifungia ndani kwa sababu ya korona, walikuwa wakiimba Lean on Me kuwatia moyo madaktari na wauguzi.

Sisemi kwamba hakuna kilichopotea. Miaka ile saba siwezi kuisamehe, na ningetoa mengi kuisikia albamu ambayo mtu huyu angeitengeneza mwaka 1981 akiwa na Gadson, Dunlap na uhuru wa studio. Ninachokikataa sasa ni dai kwamba alikuwa na deni kwetu.

Pa kuanzia

Wapo watakaoniuliza waanzie wapi. Albamu za studio ni nane tu, na mtu anaweza kuzimaliza zote katika siku ya mapumziko, lakini nashauri kuanza na ile ya Carnegie Hall, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha akizungumza. Kabla ya Grandma's Hands anamwelezea bibi yake na ibada za kanisa lao kwa kirefu, na hadhira inacheka mahali ambapo mjukuu mwenyewe anacheka. Kisha Still Bill yote, bila kuruka wimbo. Kisha Just As I Am. Menagerie ina Lovely Day, na kwa ajili ya wimbo huo mmoja ina haki ya kuwa nyumbani kwako, ingawa nyimbo nyingine humo mimi huzisikiliza mara chache, kwani ndizo ambazo ndani yake nausikia mkono wa watu wa ofisini. +'Justments, ya mwaka 1974, husahauliwa na wengi, na ni kosa; ni albamu ya mtu ambaye ndoa yake imevunjika na hataki kumlaumu mtu. Aliitoa mwaka uleule aliokwenda Kinshasa.